STUDEBAKER: KIWANDA KILIFUNGWA, PENSHENI IKAYEYUKA



Katika mikutano ya matawi swali moja hurudi kila mara: mwajiri ametuahidi malipo ya uzeeni, je, ahadi hiyo yatosha? Tumezoea kulijibu kwa maneno ya jumla, na maneno ya jumla hayamshibishi mtu. Safari hii tumeona afadhali tuchukue mfano mmoja wa kweli, wa kiwanda cha motokaa cha Studebaker katika mji wa South Bend, jimbo la Indiana, Marekani. Tutaufuata tangu ndugu wawili walipowasha moto wa uhunzi mpaka siku gari la mwisho lilipotoka kiwandani, na baada ya hapo tutahesabu nani alilipwa na nani hakulipwa. Mfano ni wa mbali, lakini watu wenyewe walikuwa kama sisi: wachomeleaji, wapaka rangi, watu wa mashine na wafagiaji. Tena walikuwa na chama chenye nguvu. Hilo la chama chenye nguvu tunaomba msomaji aliweke akilini, maana tutalirudia.

MAGARI YA FARASI KWANZA

Mwezi wa Februari 1852 ndugu wawili, Henry na Clement Studebaker, walifungua karakana ya uhunzi South Bend kwa mtaji wa dola 68. Ndugu yao John alikwenda California wakati watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu, lakini yeye hakutajirika kwa kuchimba. Alikaa katika mji wa Placerville akiwatengenezea wachimbaji toroli za kusukumia mchanga. Mwaka 1858 alirudi nyumbani na dola 8,000, akanunua sehemu ya Henry. Henry alikuwa mtu wa dini, hakupenda mambo ya vita, na karakana ilikuwa imeanza kupata kazi za jeshi.

Kazi za jeshi ndizo zilizowainua. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, serikali ilihitaji magari ya kukokotwa kwa maelfu. Mwisho wa karne hiyo Studebaker walikuwa miongoni mwa watengenezaji wakubwa kabisa wa magari ya farasi duniani. Motokaa zilipoanza hawakulala kama wenzao wengi wa biashara ya farasi waliolala mpaka wakafa: mwaka 1902 walitoa motokaa za umeme, na mwaka 1904 za petroli. Mwaka 1911 waliungana rasmi na kampuni ya Detroit iliyokuwa ikitengeneza motokaa za E-M-F, likazaliwa Shirika la Studebaker. Magari ya farasi wakayaacha karibu na mwaka 1920.

Sasa tueleze neno moja ambalo bila hilo somo halitaeleweka, nalo ni bei ya kati. Soko la motokaa la Marekani lilikuwa kama ngazi. Chini kabisa palikuwa na Ford na Chevrolet, gari la mtu wa kawaida. Juu kabisa palikuwa na Cadillac na Packard, gari la tajiri. Katikati ndipo palipojaa majina: Pontiac, Oldsmobile, Buick, Dodge, DeSoto, Mercury, Hudson, Nash, na Studebaker. Aliyenunua gari la katikati ni fundi aliyepanda cheo, mwalimu mkuu, mwenye duka. Mtu aliyetaka jirani aone kwamba mambo yake si mabaya. Ni mnunuzi mzuri wakati wa neema. Wakati wa dhiki ndiye wa kwanza kutoweka, kwa sababu hushuka ngazi akanunua gari rahisi, au hukaa na lile la zamani mwaka mwingine.

Ila kulikuwa na tofauti kubwa kati ya majina hayo. Pontiac, Oldsmobile na Buick yalikuwa majina tu ndani ya nyumba moja kubwa ya General Motors. DeSoto na Dodge yalikuwa ya Chrysler, Mercury ya Ford. Studebaker alisimama peke yake. Hakuwa na ndugu wa kumbeba mwaka mbaya ukija.

Mwaka mbaya ulikuja 1930. Rais wa kampuni wakati huo alikuwa Albert Erskine. Uchumi wa dunia ulipoporomoka yeye aliamini kwamba mambo yatatengemaa upesi, na akaendelea kuwalipa wenye hisa gawio kubwa kuliko faida iliyopatikana. Yaani alikuwa akikata nyama ya ng'ombe angali anamkamua. Mwezi wa Machi 1933 kampuni ikawekwa chini ya wasimamizi wa mahakama, na Julai mwaka huo Erskine akajiua. (Kwa njia, kampuni hii ilikuwa na motokaa iliyoitwa Dictator, yaani Dikteta, tangu 1927. Jina hilo waliliacha mwaka 1937, na msomaji anaweza kukisia sababu.)

Waliolifufua shirika ni Paul Hoffman na Harold Vance. Huyu Hoffman ndiye baadaye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, ambalo magari yake tunayaona njiani hata leo. Mwaka 1939 walitoa gari rahisi liitwalo Champion, likauzika sana. Halafu vita vikaja tena na kiwanda kikapata kazi: injini za ndege za mabomu, na malori karibu laki 2 ya aina ya US6, ambayo mengi yalipelekwa Urusi. Vita vilipokwisha Studebaker waliwatangulia wakubwa wote kutoa sura mpya ya gari, na mwaka 1950 walitengeneza magari zaidi ya laki 3. Hawakupata tena mwaka kama huo. Hata Afrika lilifika: kule Uitenhage, Afrika Kusini, kiwanda kilichokuwa kikiunganisha Studebaker ndicho kilichokuja kuwa cha Volkswagen.

CHAMA NA KIWANDA

Wafanyakazi wa South Bend walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiunga katika chama cha wafanyakazi wa motokaa, UAW. Tawi lao lilikuwa Namba 5. Mkutano mkuu wa pili wa UAW, mwaka 1936, ulifanyika South Bend hapo hapo, kabla viwanda vikubwa vya General Motors na Ford havijakubali hata kulisikia neno chama. Hoffman na Vance hawakupigana na chama. Walitangaza magari yao kwa picha za baba na mwana wakifanya kazi bega kwa bega, na kwa miaka mingi hakukuwa na mgomo mkubwa.

Tuseme kweli, amani hiyo ilikuwa na gharama yake. Wafanyakazi wengi walilipwa kwa kipande, yaani kwa idadi ya kazi waliyotoa, na vipande vilipangwa kwa ukarimu. Mtu aliyepunguzwa katika idara moja aliweza kumhamisha mwenye miaka michache zaidi katika idara nyingine, naye akamhamisha wa tatu, mpaka nusu ya kiwanda wanajifunza kazi mpya. Wakati magari yote yanauzika, hakuna aliyejali. Menejimenti haikutaka mgomo, wafanyakazi walipata mishahara kuliko ya Detroit, na mashine zilizeeka pale pale zilipo. Wenye hisa nao walichukua chao. Hatusemi kwamba mishahara mizuri ndiyo iliyoua kiwanda, kama waandishi wengine wa upande wa waajiri wapendavyo kusema. Tunasema kwamba fedha za miaka ya neema hazikutumika kununua mashine za miaka ya taabu, na uamuzi huo haukuwa wa mpaka rangi.

Mwaka 1953 walitoa gari zuri mno la milango miwili, lililotoka katika ofisi ya mchoraji Raymond Loewy. Watu walilipenda. Lakini kiwandani ikagundulika kwamba bodi ya mbele haikai sawasawa juu ya chesisi, na magari yakachelewa. Ubaya zaidi, wakubwa walikuwa wamepanga kutengeneza mengi ya milango minne, na wanunuzi wakataka yale ya milango miwili. Wakati huo huo Ford na Chevrolet waliingia katika vita vya bei, kila mmoja akijaza maduka ya mawakala wake magari kwa bei ya kutupa ili ampite mwenzake. Wapiganapo tembo nyasi huumia, na nyasi hapa zilikuwa Studebaker, Hudson, Nash na Packard.

Agosti 1954 Tawi Namba 5 lilipiga kura juu ya kupunguziwa mishahara ili kiwanda kiokoke. Kura ya kwanza walikataa. Wakaelezwa tena, wakapiga kura ya pili, wakakubali. Mwezi wa Oktoba mwaka huo Studebaker akaungana na Packard wa Detroit. Ilikuwa kama watu wawili wasiojua kuogelea kushikana mtoni. Wakubwa wa Packard waligundua wakiwa wamekwisha kutia saini kwamba Studebaker alihitaji kuuza magari mengi zaidi kuliko walivyoambiwa ili asipate hasara. Mwaka 1956 viwanda vya Packard vya Detroit vilifungwa, na jina lenyewe likafa miaka miwili baadaye.

Palikuwa na pumzi moja ya mwisho. Mwishoni mwa 1958 walichukua bodi ya gari la zamani, wakaikata mbele na nyuma, wakapata gari fupi waliloliita Lark. Wakubwa wa Detroit walikuwa hawana gari dogo, na mwaka 1959 Studebaker walipata faida ya zaidi ya dola milioni 28. Mwaka uliofuata Ford walitoa Falcon, General Motors wakatoa Corvair, Chrysler wakatoa Valiant. Falcon peke yake iliuzwa zaidi ya laki 4 katika mwaka wake wa kwanza. Mawakala waliokuwa wakiuza Lark kando ya magari ya wakubwa wakaiacha.

Hapa ndipo wajumbe wa tawi wanapopaswa kusoma polepole. Kampuni ilikuwa na hasara kubwa za miaka ya nyuma, na kwa sheria ya kodi ya Marekani hasara hizo ziliweza kukatwa katika faida ya miaka ya mbele. Kwa hiyo wakurugenzi walianza kununua makampuni mengine yenye faida: ya jenereta, ya matrekta madogo ya bustani, ya dawa ya kutia katika injini iitwayo STP. Kidogo kidogo Studebaker ikawa kampuni yenye biashara nyingi, ambayo miongoni mwake kulikuwa na kiwanda kimoja cha motokaa chenye kuleta hasara. Rais mpya, Sherwood Egbert, alijitahidi. Alitoa gari la michezo la Avanti mwaka 1962, akahimili mgomo wa zaidi ya mwezi mmoja mwanzoni mwa mwaka huo. Lakini aliugua, na Novemba 1963 aliondoka. Aliyemfuata, Byers Burlingame, alikuwa mtu wa mahesabu. Tarehe 9 Desemba 1963 alitangaza kwamba kazi ya motokaa South Bend itakoma. Ijumaa tarehe 20, siku tano kabla ya Krismasi, gari la mwisho likatoka. Watu kama 7,000 walikuwa wanapoteza kazi. Kiwanda kidogo cha Hamilton, Kanada, kiliendelea mpaka Machi 1966, nacho kikafungwa.

HESABU YA PENSHENI

Mpango wa pensheni wa Studebaker ulianzishwa mwaka 1950 kwa mkataba kati ya kampuni na UAW. Ulikuwa wakati wa ushindi. Ford walikuwa wamekubali pensheni mwaka 1949, na wafanyakazi wa Chrysler waligoma zaidi ya siku 100 mwaka 1950, si kwa sababu Chrysler alikataa kuahidi pensheni, bali kwa sababu hakutaka kuweka fedha kando kwa ajili yake. Walioongoza mgomo ule walijua kabisa tofauti kati ya ahadi na fedha.

Sasa tuchukue karatasi na kalamu. Hesabu hii ni ya mfano tu, si takwimu za Studebaker. Tuseme mwaka 1950 mkataba unasema kila mfanyakazi atapata dola 2 kwa mwezi kwa kila mwaka aliotumika. Mzee aliyeanza kazi mwaka 1930 ana miaka 20, basi anastahili dola 40 kwa mwezi. Lakini katika miaka hiyo 20 hakuna hata senti moja iliyowekwa kwa ajili yake, maana mfuko haukuwapo. Hilo ni deni la miaka ya nyuma, na lilianza siku ile ile mfuko ulipozaliwa. Mipango ya namna hii, na wa Studebaker ukiwamo, ilikusudia kulilipa deni hilo kidogo kidogo kwa miaka 30.

Endelea. Baada ya miaka michache chama kinadai nyongeza, dola 2 ziwe 3. Kampuni inakubali. Yule mwenye miaka 20 ya nyuma sasa anastahili dola 60. Hizo 20 za ziada zimetoka wapi? Hazijatoka popote. Limezaliwa deni jipya, nalo linaanza miaka yake 30 upya. Kila mkataba mpya unapoongeza pensheni, wanachama wanapiga makofi na shimo linachimbwa zaidi. Siku kiwanda kinapoendelea kufanya kazi, shimo halionekani, kwa sababu michango ya mwezi huu inawalipa wazee wa mwezi huu. Linaonekana siku mashine zikizimwa.

Kwa nini mwajiri alikubali? Kwa sababu pensheni ya kesho ni rahisi kuliko mshahara wa leo. Anayekaa mezani anatia saini akijua kwamba anayelipa atakuwa mtu mwingine. Na kwa nini chama kilikubali? Hapa tusijifiche. Wanachama wengi wa South Bend walikuwa wazee, miaka ilikuwa imewatupa mkono, na walitaka kiwango kiongezwe, hakuna kiongozi wa tawi anayechaguliwa kwa kusema "tusiongeze kiwango, tujaze mfuko kwanza." Viongozi wa juu wa UAW walilijua tatizo kabla ya Desemba 1963. Mawazo ya kuwa na bima ya serikali ya pensheni yalikuwa tayari mezani kwao. Lakini kujua ni jambo moja, na kumwambia mwanachama aliye kwenye mashine ni jingine.

Mpango ulipovunjwa mwaka 1964 kulikuwa na watu kama 10,500 ndani yake, na fedha zilizokuwapo hazikuwatosha. Mkataba wenyewe ulikuwa umeandika mstari wa foleni. Mbele walisimama waliokwisha staafu, pamoja na waliofikisha miaka 60 wakiwa na miaka 10 ya kazi au zaidi. Hao walikuwa kama 3,600, na walipata pensheni yao yote. Hilo ni jambo jema na chama kilistahili sifa kwalo.

Wa pili walikuwa watu wa umri kati ya miaka 40 na 59 wenye miaka 10 ya kazi au zaidi. Walikuwa kama 4,000. Hao walipata senti 15 katika kila dola waliyostahili, ikatolewa kwa mkupuo mmoja, wastani wa dola kama 600 kwa mtu. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na wastani wa utumishi wao miaka 23. Gawanya mwenyewe: dola 600 kwa miaka 23 ni dola 26 kwa mwaka. Mtu wa miaka 59 na miaka 40 ya utumishi alisimama katika foleni hii ya pili. Jirani yake wa miaka 60 na miaka 10 ya utumishi alisimama katika ile ya kwanza. Wote wawili waliingia lango moja kila asubuhi.

Wa tatu, kama 2,900, walikuwa vijana na wenye miaka michache ya kazi. Hawakupata kitu.

Na kampuni? Hapa wasomaji wetu wengi hudhani kwamba Studebaker ilifilisika, ndiyo maana fedha hazikuwapo. Haikufilisika. Kampuni iliendelea na jenereta zake na STP yake, na mwaka 1967 iliungana na nyingine ikawa Studebaker-Worthington. Ilikuwa na mali. Lakini mkataba ulisema kwamba wajibu wake ulikuwa kulipa michango iliyopangwa, na michango iliyopangwa ilikuwa imelipwa. Kilichopungua katika mfuko hakikuwa deni lake. Kifungu hicho kilikuwa cha kawaida katika mikataba ya siku hizo, na kilitiwa saini na pande zote mbili. Kwa maneno mengine, hakuna aliyevunja sheria wala mkataba. Wazee wa miaka 59 walipoteza pensheni yao kwa utaratibu kamili.

SHERIA YA 1974

UAW, chini ya Walter Reuther, hawakuliacha jambo hili lizikwe. Seneta Vance Hartke wa Indiana alipeleka bungeni muswada wa bima ya pensheni mwaka 1964. Kamati iliyoundwa wakati wa Rais Kennedy ilitoa ripoti yake Januari 1965, ikataka mfanyakazi awe na haki isiyofutika baada ya miaka kadhaa ya kazi, na mifuko ijazwe kwa kanuni. Waajiri walipinga. Baadhi ya vyama vyenye mifuko yao vilivyoisimamia pamoja na waajiri wengi navyo havikuwa na haraka. Waliona bima hiyo itawafanya walipie makosa ya wengine. Seneta Jacob Javits wa New York aliusukuma mswada mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1972 televisheni ya NBC ilionyesha kipindi juu ya wazee waliopotelewa na pensheni zao, na barua zikamiminika kwa wabunge.

Tarehe 2 Septemba 1974, siku ya wafanyakazi huko kwao, Rais Gerald Ford alitia saini sheria iitwayo ERISA. Iliweka mambo makubwa matatu: mwajiri lazima ajaze mfuko kwa kanuni, mfanyakazi akifikisha miaka iliyowekwa haki yake haiondolewi, na likaundwa shirika la bima, PBGC, linalopokea mchango kwa kila mwanachama wa mfuko, mwanzoni dola 1 kwa mwaka, na kulipa pensheni mpaka kiwango fulani mfuko ukianguka. Tena mwajiri aliyevunja mpango alianza kudaiwa kwa mali yake, kitu ambacho Studebaker hakudaiwa. Sheria haikurudi nyuma. Watu wa South Bend hawakupata chochote kwa sheria iliyotungwa kwa ajili ya kilio chao. Miaka 10 ilikuwa imepita.

Tangu hapo majina mengine ya bei ya kati yamekufa. Oldsmobile lilikoma mwaka 2004, Pontiac mwaka 2010, Mercury mwanzoni mwa 2011. Lakini angalieni tofauti: jina linaweza kufa na pensheni ikabaki, kama nyumba iliyolimiliki jina hilo inaendelea kuwa na wajibu. General Motors ilipokwenda mahakamani kuomba kinga ya ufilisi mwaka 2009, mfuko wake wa pensheni wa wafanyakazi haukuvunjwa. Delphi, kampuni ya spea iliyokuwa sehemu ya General Motors mpaka 1999, mifuko yake ilichukuliwa na PBGC mwaka huo huo wa 2009. Wafanyakazi wa kiwandani waliokuwa UAW walifidiwa na General Motors kilichopungua, kwa sababu chama chao kilikuwa kimeandika kifungu hicho Delphi ilipotengwa. Makarani na mainjinia, ambao hawakuwa na mkataba wa namna hiyo, wengi walikatwa.

Jambo la mwisho la huko Marekani: waajiri wengi, badala ya kujaza mifuko ya ahadi, tangu miaka ya 1980 wameiacha kabisa na kufungua akaunti za akiba za kila mfanyakazi. Mwajiri anatia kiasi fulani, na kinachopatikana uzeeni kinategemea soko la hisa. Huko hakuna shimo, kwa kuwa hakuna ahadi.

Aina hiyo ya pili baadhi yetu tunaijua kwa sura nyingine. NSSF ya Uganda, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1985, ni mfuko wa akiba: mfanyakazi hukatwa asilimia 5, mwajiri huongeza 10, na fedha zote huandikwa kwa jina la mwanachama. Hatari yake si ile ya South Bend. Hatari yake ni mwajiri anayekata ile 5 na asiipeleke pamoja na 10 yake, na thamani ya fedha kushuka zikiwa zimelala. Lakini baadhi ya makampuni yana mipango yao ya kiinua mgongo au pensheni juu ya ile ya sheria, iliyoandikwa katika mikataba ya hali bora, na hiyo ndiyo inayofanana na ya Studebaker.

KAZI YA KIKUNDI

Kila tawi lenye mpango wa namna hiyo lilete nakala ya kanuni zake katika mkutano ujao wa masomo. Msilete maelezo ya ofisa utumishi, leteni kanuni zenyewe. Mtafute ndani yake kifungu kinachosema mpango unaweza kuvunjwa na nani, kifungu cha foleni ya kulipwa, na kifungu kinachosema deni la mwajiri linaishia wapi. Ulizeni pia fedha ziko wapi: katika benki, katika bima, au katika vitabu vya kampuni tu. Kama kanuni hazina kifungu cha foleni, kikundi kijadili nani asimame mbele, na wajumbe wa miaka 59 wapewe nafasi ya kusema kwanza. Majibu yapelekwe kwa katibu wa elimu kabla ya somo lijalo, ambalo litahusu namna ya kusoma hesabu za mwaka za kampuni.